Mgeni Asiyejigonga Kichwa

Roselyne Githinji alimpa Phyllis Kawira tableti yake kwa vidole viwili, kama mtu anayempa mtoto glasi akijua itavunjwa.

"Ndiyo hiyo nyumba," alisema. "Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hajawahi kukaa mahali kama hapo. Si hoteli. Ni historia."

Phyllis aliitazama hiyo historia. Kilikuwa kijumba cha mawe ya rangi ya asali, paa limebonyea katikati, waridi limetambaa ukutani, na mlangoni hori la kunyweshea mifugo lililojazwa maua. Maandishi chini ya picha yalisema jengo hilo liko katika kijiji cha Little Wendle, kusini-magharibi mwa Uingereza, na kwamba kabla ya kugeuzwa nyumba ya likizo lilikuwa zizi la kondoo.

"Zizi," alisema Phyllis.

"Lilikuwa zizi. Limekarabatiwa. Wenzetu hawabomoi vitu ovyo kama sisi."

Kwao Nkubu, baba yake Phyllis alikuwa na zizi la mawe lililojengwa imara kuliko hilo, na hakuna mtu aliyewahi kupanda ndege na watoto wake ili akalale humo. Hakulisema. Kabla ya kuja Doha alikuwa mpelelezi wa polisi mjini Nakuru, na sasa alichunguza madai kwa niaba ya kampuni moja ya bima yenye ofisi hapo hapo Doha, mtaa wa West Bay. Kazi zote mbili zilikuwa zimemfundisha kwamba mtu anayejisifu hutoa habari nyingi kuliko anayehojiwa. Kwa hiyo alipitisha picha moja baada ya nyingine, akamwacha Roselyne ajisifu.

Dai lenyewe lilikuwa fupi. Mkufu wa lulu za Ghuba, zilizofungwa kwa dhahabu, ulikuwa umepotea wakati familia ya Githinji ilipokwenda likizo Little Wendle mwezi wa Julai. Sasa ilikuwa Agosti, mwaka wa 2014. Mke na mume walikuwa wametia sahihi kwamba mkufu uliibwa na yaya wao, Jebet, aliyesafiri nao.

Shaun Githinji, mume, alikuwa amesimama dirishani akiipa sebule mgongo. Alikuwa mkuu wa mitambo ya kompyuta katika kampuni fulani ya ujenzi, na alikuwa mrefu wa kuweza kufuta vumbi juu ya kabati bila kuinua visigino.

"Dada yangu," alisema bila kugeuka, "sielewi kwa nini wamekutuma wewe. Nilitarajia mtu wa kutoka makao makuu."

"Mimi ndiye waliyemtuma. Nieleze usiku ule."

Alishusha pumzi kama aliyeombwa kubeba mzigo wa mtu mwingine. "Kazi ilinichelewesha hapa. Nikawafuata, nikafika siku mbili kabla ya kuondoka. Usiku wa mwisho mimi na Roselyne tukaenda kula katika baa ya kijiji. Mkufu ulibaki chumbani juu. Jebet alibaki na watoto. Tuliporudi, mnamo saa mbili, giza totoro, maana vijiji vya kule havina taa za barabarani, nikamwona anashuka ngazi kutoka chumbani kwetu. Ameficha kitu kwenye aproni."

Kikombe cha Roselyne kiligonga sahani yake.

"Ilikuwa saa nne, Shaun," alisema. "Tulikaa sana kule baa."

"Saa mbili."

"Nadhani ilikuwa saa nne."

"Roselyne, mimi ndiye niliyevaa saa." Sasa aligeuka. "Andika saa mbili."

Phyllis aliandika saa mbili. "Mbona hamkuripoti kwa polisi wa kule?"

"Tuligundua baada ya kufika hapa, tulipofungua masanduku. Na kuna jambo jingine. Usiku tuliorudi, mlinzi wa hapa chini alimwona Jebet akimpa dereva wa teksi kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitambaa. Jamaa anaitwa Kevin. Wanasali pamoja kule Mesaimeer. Hebu niambie, yaya ana kitu gani cha kumfungia mtu kwenye kitambaa?"

"Mmemuuliza?"

"Anakana. Hawa watu ukiwachukua kijijini ukawapandisha ndege, wanadhani na vitu vyako ni vyao." Alitazama saa yake. "Leo ni Alhamisi. Nimempa mpaka Jumapili. Jumapili nikielekea kazini napitia kituo cha polisi, na baada ya hapo si shauri langu tena."

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayepanga kupeleka gari gereji. Phyllis alijua kilichomngoja Jebet siku hiyo. Msichana wa kazi aliyeshtakiwa wizi na kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, hangeweza kupanda ndege, wala kupata kazi nyingine, wala kujua kesi yake ingekwisha lini. Angekaa ndani akingoja.

"Nitazungumza naye," alisema. "Peke yake."

"Mimi nitakuwepo," alisema Roselyne.

"Hapana, hutakuwepo."

Jebet alikuwa jikoni, mikono ndani ya maji ya vyombo. Alikuwa mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi, kutoka karibu na Kapsabet, mwenye kidevu kigumu na macho yaliyokataa kumtazama mgeni. Phyllis alifunga mlango, akafungulia maji yatiririke kwa nguvu ili sauti zao zisivuke ukuta.

"Uliuona huo mkufu kule Uingereza?"

"Sikuuona, madam."

"Hata siku moja? Shingoni mwake, mezani, popote?"

"Sikuuona."

"Boss wako anasema alikukuta ukishuka kutoka chumbani kwao."

Jebet alisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Alifungua mdomo, akautazama mlango, akaghairi.

"Kama amesema hivyo," alijibu, "basi amesema."

"Sikuulizi amesema nini. Nakuuliza ulishuka au hukushuka."

"Madam, huyu ni kafili wangu. Nikimwita mwongo leo, wewe utaenda kwako. Mimi nitalala wapi?"

Phyllis alimwelewa, lakini kuelewa hakukumsaidia kitu. "Ulimpa Kevin nini?"

"Kevin gani?"

Lilikuwa jibu baya. Alilitoa haraka mno, na masikio yake yakabadilika rangi. Phyllis aliondoka katika jengo lile akiwa na mke aliyebishana na mumewe kuhusu saa, mume aliyejua kila kitu, na yaya aliyedanganya waziwazi. Kama angelazimika kuandika ripoti jioni ile, angemwandika yaya.

*

Ijumaa ndiyo siku ambayo Wakristo wa Doha husali, maana ndiyo siku wanayopumzika kazini. Kevin alipatikana katika uwanja wa kuegesha magari nje ya makanisa ya Mesaimeer, ibada ikiwa imekwisha, amevaa shati jeupe lililokwisha kulowa mgongoni. Mamia ya watu walikuwa wakitoka, Wafilipino, Wahindi, Waganda, na Wakenya waliosimama makundi makundi kwenye kivuli chembamba cha ukuta wakipeana habari za nyumbani.

Phyllis alimwonyesha kitambulisho chake. Kevin alikisoma pole pole.

"Mimi ni dereva tu, madam. Mambo ya watu siingiliangi."

"Umeshaingia. Jumapili boss wa Jebet anampeleka polisi kwa wizi. Ukiwa unaficha alichoiba, mtakwenda wawili."

"Wizi? Jebet aibe nini? Yule hata peremende ya watoto haonji!"

"Basi nionyeshe alichokupa."

Kevin alitazama kushoto na kulia. Kisha alifungua gari, akainama chini ya kiti, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha jikoni chenye picha ya kondoo na jina la Little Wendle. Phyllis alikifungua. Hakukuwa na lulu. Ndani mlikuwa na pasipoti ya Kenya.

"Ni yake mwenyewe," alisema Kevin. "Huyo Githinji aliichukua siku Jebet alipofika Doha, akaifungia kwenye sefu. Wakati wa kusafiri ndipo akarudishiwa, ndio apite pale uhamiaji. Waliporudi akaona afadhali aifiche kabla haijachukuliwa tena. Kuna chekechea kule Al Thumama wanamtaka, wamemwambia alete pasi na barua ya boss kwamba hana pingamizi. Pasi amepata. Barua ndiyo shida."

Phyllis alifungua kurasa. Mihuri ya Jebet ilikuwapo, kuondoka Doha, kuingia London, kurudi. Alijidharau kidogo kwa kutolifikiria mapema. Watu wanaweza kubishana kuhusu saa mpaka asubuhi, lakini pasipoti haibishani.

"Usiku waliorudi uliwachukua wewe uwanja wa ndege?"

"Mimi. Mama, watoto wawili, Jebet, na masanduku kama watu wanaohama."

"Na mume?"

Kevin alifikiri. "Mume alishuka kutoka juu kusaidia masanduku. Alikuwa na kaptura na ndala. Nywele zimesimama hivi, kama mtu aliyekuwa amelala."

Phyllis aliifunga pasipoti kwenye kitambaa chake na kumrudishia. "Irudishe chini ya kiti. Na usimpe mtu mwingine yeyote, hata akija na kitambulisho kizuri kuliko changu."

Kaptura na ndala hazikuwa ushahidi. Githinji angeweza kusema alitangulia kwa ndege nyingine. Ofisini, ambako siku ya Ijumaa kulikuwa kutupu na baridi kama friji, Phyllis alimpigia simu mwenye kile kijumba. Alikuwa mama mzungu, mjane, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusemesha mbwa.

"Wale wa kutoka Ghuba," alisema yule mama. "Nawakumbuka. Mama alilalamika kuhusu harufu. Nilimwambia mvua ikinyesha mawe hukumbuka kondoo. Hakuona kichekesho."

"Mume wake aliwafuata?"

"Kila siku niliambiwa anakuja kesho. Mimi siku za mwisho nilikuwa kwa dada yangu, kwa hiyo sijui. Lakini sikupata lalamiko lolote, na ningelipata."

"Lalamiko gani?"

"La boriti, mwanangu. Mlango wa kutoka sebuleni kwenda kwenye ngazi ulikuwa wa kondoo, na sheria inakataza kukata boriti yake, kwa sababu ni ya kale. Kila mwanamume mrefu anayekaa pale huondoka na nundu. Nimeweka mto, nimeweka kibao. Bado wanajigonga. Kisha wananiandikia."

Phyllis alifungua picha za tangazo kwenye kompyuta yake. Sebule ilionekana pana, dari juu sana. Mlango wa ngazi haukuonekana popote.

"Picha zako hazionyeshi boriti."

"Bila shaka hazionyeshi," alisema yule mama kwa dharau ya haki kabisa. "Nani angekodi?"

"Swali la mwisho. Mwanzoni mwa Julai, kwenu, jua huzama lini?"

"Kukiwa na mawingu au bila?"

"Vyovyote."

"Saa tatu na nusu usiku. Saa nne kasoro bado unaweza kusoma gazeti bustanini."

Phyllis alimshukuru na kumwomba picha moja ya ule mlango, mtu akiwa amesimama chini yake. Hapa Doha, mwezi huo huo wa Julai, adhana ya magharibi ilisikika saa kumi na mbili na nusu, na ilipofika saa mbili ilikuwa usiku mtupu. Githinji alikuwa ameuchukua usiku wa Doha akaumwaga juu ya kijiji cha Waingereza. Mkewe, aliyelala kule, alilisikia kosa lile mara moja, akajaribu kulifunika, naye akamnyamazisha.

Hilo lingeweza kuitwa kuteleza kwa ulimi. Phyllis alitaka ateleze tena, safari hii mwenyewe akiwa ameshika kalamu.

*

Jumamosi asubuhi Shaun Githinji mwenyewe alifungua mlango. Hakumkaribisha kuketi. Phyllis aliketi.

"Umempata yule dereva?" aliuliza Shaun.

"Nimempata. Hana mkufu."

"Ameuuza basi."

"Hilo tutalifikia. Nisaidie jambo dogo, bwana Githinji. Mimi, kama alivyosema bibi, sijawahi kukaa mahali kama pale. Wakubwa wangu wanataka mchoro wa nyumba. Nichoree."

Shaun alimtazama mkewe akitabasamu, tabasamu la kumwonyesha ni watu gani wanaotumwa siku hizi. Aliketi, akachukua kalamu na karatasi. Alichora mlango wa mbele. Alichora sebule, meko, viti viwili, dirisha lenye kikalio, kila kitu mahali pake kama kilivyokuwa kwenye tangazo. Roselyne alikuwa amesimama nyuma yake, mikono amejikumbatia.

"Na ngazi?"

"Ngazi ziko huku, nyuma ya sebule. Kuna mlango hapa." Alichora mlango.

"Ulipomwona Jebet ulikuwa wapi?"

"Hapa, kwenye meko. Yeye yuko kwenye ngazi. Kuniona tu, akageuka akarudi juu. Nikamfuata."

"Juzi ulisema alikuwa anashuka."

"Alikuwa anashuka, akaniona, akarudi. Nikamfuata mbio."

"Ukapita mlango huu."

"Nikapita mlango huu."

"Mbio."

"Nimesema mbio. Unataka niandike kwa Kimeru?"

"Hukuinama?"

"Niiname kwa nini?"

Roselyne alifumba macho.

Phyllis alitoa kwenye mkoba wake picha aliyotumiwa na mwenye nyumba, akaiweka juu ya mchoro. Ilionyesha mwanamke mzee mfupi, mwenye viatu vya matope, amesimama kwenye mlango wa ndani. Boriti nyeusi ya mti ilipita sentimita chache tu juu ya nywele zake. Kwenye boriti kulikuwa na mto mwekundu uliopigiliwa misumari, na kibao cha kuwaonya wageni.

"Ule mlango waliutengenezea kondoo," alisema Phyllis. "Mtu wa kimo chako akiupita mbio, mwili unafika kwenye ngazi na kichwa kinabaki sebuleni. Na saa mbili unayoing'ang'ania, kijiji kizima kilikuwa kinaota jua. Hukuwahi kukanyaga pale, bwana Githinji. Naomba pasipoti yako."

"Iko ofisini. Inashughulikiwa."

"Jumamosi?"

"Nimesema iko ofisini. Na ninakuonya, dada. Namjua meneja wako."

Phyllis aliuvuta mchoro upande wake. Alimgeukia Roselyne.

"Mkufu haukwenda Uingereza, sivyo? Jebet anasema hakuuona hata siku moja, na hapo tu ndipo aliponiambia ukweli bila kuogopa. Wewe ulirudi, ukafungua sefu yenu hapa, hukuukuta. Sefu haikuvunjwa. Nani mwingine anajua namba zake?"

"Roselyne amechoka," alisema Shaun. "Tangu likizo hajalala vizuri. Anachanganya mambo. Juzi umemsikia, hata saa hajui. Muulize atakwambia alikuwa Ufaransa."

Alicheka peke yake. Roselyne alimtazama kisogo. Kisha akaenda chumbani, vikasikika visigino vyake, droo ikifunguliwa, droo ikifungwa. Aliporudi aliitupa pasipoti juu ya meza, ikateleza ikasimama mbele ya Phyllis.

"Ofisi yake," alisema, "iko chini ya soksi zake."

Phyllis aliifungua. Kulikuwa na safari moja tu ya London, ya mwezi wa Januari, mwaka uliotangulia, wakati ambapo hata saa kumi na moja jioni kule ni giza. Katika Julai kulikuwa na mihuri miwili, wa kuingia Dubai na wa kutoka.

"Roselyne," alisema Shaun taratibu.

"Nyamaza. Nilikaa kwenye zizi lile na watoto wako. Kila asubuhi yule mama mwenye nyumba ananiuliza kwa adabu, mumeo anakuja leo? Namjibu, kesho. Watoto wananiuliza, najibu kesho. Mvua inanyesha, nyumba inanuka mkojo wa kondoo wa miaka mia mbili iliyopita, nami napiga picha za waridi niwatumie rafiki zangu." Sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa imekauka. "Narudi, sefu tupu. Akaniambia tukiwaambia watu wa bima umepotea hapa nyumbani, watachunguza, na watu wote watajua nani aliyeuchukua. Tuseme ni kule. Tuseme ni Jebet."

"Nawe ukatia sahihi," alisema Phyllis.

"Nilitia. Unataka nilie? Niliona bora niwe mwanamke aliyeibiwa na yaya kuliko mwanamke aliyeibiwa na mumewe. Yaya kila mtu huibiwa naye."

"Uko wapi mkufu?"

"Nimeuona kwenye picha. Uko Dubai, shingoni mwa msichana aliyeuvaa juu ya fulana." Alimtazama mumewe kutoka kichwani mpaka miguuni, safari ndefu. "Fulana, Shaun. Ya kuchezea mpira."

Shaun alikuwa ameketi. Urefu wote ulikuwa umemwishia. Alipozungumza tena alikuwa amepata sauti nyingine, laini, ya watu wanaoelewana.

"Sikiliza, Phyllis. Bi Kawira. Sisi sote ni Wakenya hapa, ugenini. Dai naliondoa sasa hivi. Hakuna aliyelipwa kitu, hakuna aliyepata hasara. Hatuhitaji kuharibiana majina."

"Andika kwamba unaliondoa."

Aliandika, akatia sahihi.

"Na ya polisi?"

"Siendi tena. Niende kufanya nini?"

"Bado kuna huyu binti. Anataka kuhamia kazi nyingine na wewe ndiye kafili wake. Andika barua kwamba huna pingamizi, na kwamba kwa muda wote aliokaa kwako hukuona kosa lake."

Shaun alinyanyua uso. Phyllis aliona jinsi alivyokuwa anapiga hesabu, na jinsi hesabu ilivyompendeza. Alidhani amepata bei.

"Hilo tu?"

"Andika vizuri. Kwa Kiingereza, na jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho."

Aliandika kwa bidii, akaweka namba yake ya kitambulisho, akagonga mpaka muhuri mdogo wa jina lake aliouleta kutoka chumba cha kazi. Roselyne alimwita Jebet. Jebet alikuja akifuta mikono, akasimama karibu na mlango kama aliyeitwa kusomewa hukumu. Phyllis alimpa barua. Aliisoma, akaisoma tena, kisha akaikunja na kuiingiza ndani ya blauzi, mahali ambapo hakuna mtu angeifuata.

"Chukua vitu vyako," Phyllis alimwambia. "Kevin yuko chini."

Jebet aliingia chumbani kwake. Alirudi na begi moja. Inaelekea lilikuwa limefungwa siku nyingi.

Mlangoni Shaun alimfuata Phyllis, amenyoosha mkono. Uso wake ulikuwa umeanza kukunjuka. "Basi nakushukuru. Kwa hiyo kwenye ripoti yako utasema tu dai limeondolewa. Sababu za kifamilia."

"Nitasema limeondolewa baada ya mwenye dai kukutwa na uongo. Nitaambatisha mchoro wako, ulivyouchora mwenyewe."

Mkono ulibaki hewani. "Tulikubaliana!"

"Ulikubaliana na nani? Mimi nilikuomba uandike, ukaandika."

"Nirudishie hiyo barua."

"Mimi sina barua yoyote. Mwombe mwenye nayo."

Shaun alimtazama Jebet. Jebet, begi mkononi, naye alimtazama, kwa mara ya kwanza bila kushusha macho, akangoja kuona kama mkuu wa mitambo ya kompyuta angethubutu kuingiza mkono katika blauzi yake mbele ya shahidi. Hakuthubutu. Nyuma yake, sebuleni, Roselyne alianza kucheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, na hakikuonyesha dalili ya kwisha.

Waliingia kwenye lifti. Namba zilishuka. Jebet aliigusa barua kifuani, akaiacha, akaigusa tena.

"Na madam Roselyne?" aliuliza mwishowe. "Naye utamwandika?"

Phyllis alikuwa amelitarajia swali hilo, na amelitayarishia jibu. Wanawake wengi aliowahoji walikuwa wamewaombea msamaha watu waliowakanyaga. "Alitia sahihi kwamba wewe ni mwizi," alisema. "Alijua si kweli, na bado alikuletea vyombo uoshe. Ndiyo, nitamwandika."

Jebet alitikisa kichwa kukubali. Milango ilifunguka, joto la nje likawapiga usoni. Alibadilisha begi mkono.

"Uandike sawasawa basi," alisema. "Roselyne. Kuna 'y' katikati. Hukasirika sana wakiisahau."